Chemchemi inayotokota haipimwi kwa kidole: maandalizi yangu ya Bogoria nikitokea Kigoma

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotaja safari ya Bogoria ulikuwa wa kuchovya kidole. "Kikistahimili, ingia." Unanikera mpaka leo, kwa sababu waliousema ni watu wazima wenye watoto wa kuwapeleka. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa kina ndani ya sekunde tano hivi. Yakifika 70, inatosha sekunde moja. Na chemchemi za Loburu, kwenye ukingo wa Ziwa Bogoria nchini Kenya, zinatokota na kuruka juu kama sufuria lililosahaulika jikoni.

Sisi wa Kigoma ukitaja chemchemi tunawaza Uvinza, maji ya chumvi ambayo watu wameyachemsha kwa vyungu na kuni kwa zaidi ya miaka 1,000. Bogoria moto uko chini. Maji yanazama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yanakutana na miamba ya moto, yanarudi juu yakiwa tayari yamechemka. Nchi yenyewe ni nyika kame, miiba na mawe, na ukame huo una madhara yake nitakayoyaeleza.

Njia siielezi, kila mtu anajua kupanda basi mpaka Mwanza, kuvuka mpaka wa Sirari, kutafuta Nakuru na kisha Marigat. Nauli weka laki mbili na zaidi kwenda tu. Nilichohangaikia mimi ni kipimo cha joto la maji.

Dukani pale Mwanga, hapa Kigoma, nilipewa kipimajoto cha homa. Hicho mwisho wake ni nyuzi 42. Ukikitia kwenye maji ya 90 kioo kinapasuka. Nikaazima ile bunduki ya kupimia joto ya mafundi. Nayo inasoma uso wa kitu tu, halafu mvuke unaikatiza: pale Loburu, nikisimama hapa ilisema 71, nikisogea hatua mbili ikasema 84, kwenye shimo lilelile. Namba zote mbili zilikuwa chini ya ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu anaamini namba kuliko macho.

Kilichofanya kazi ni sindano ya kupimia joto la nyama inayopikwa, ya elfu ishirini hivi. Kwanza niliihakiki nyumbani. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo, kwa hiyo ya Kigoma mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 na kidogo, hayafiki 100. Tabora, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, ni 96. Sindano yangu ilisema 99 sufuria likitokota, basi nikajua inazidisha karibu mbili, nikaandika kwenye plasta na kuibandika mgongoni mwake. Asiyejua habari ya mwinuko atadhani kipimo kizima ni kibovu, au kibovu ni kizima.

Tatizo lililobaki: utachotaje maji bila kusogea ukingoni? Jaribio la kamba lilishindikana. Kopo likining'inia kwenye kamba linayumba, linamwaga maji njiani kuelekea miguuni kwako, na likifika limebaki robo iliyopoa. Dawa yake ni mwanzi mkavu wa mita tatu na kopo la maziwa ya unga la gramu 400, lililofungwa kwa waya wa kujengea sehemu mbili, juu na chini, lisicheze hata kidogo. Chovya mara ya kwanza, acha nusu dakika bati lishike moto, mwaga palepale. Chovya tena, chota nusu kopo, vuta mwanzi ukiwa umeulaza chini, weka kopo kwenye udongo tambarare. Ndipo unapeleka sindano, unakoroga, unasoma kabla ya nusu dakika kuisha. Utakuwa umepoteza nyuzi moja hivi, si zaidi. Shimo lilelile ambalo bunduki ilisema 71 kisha 84 likasoma 95 kwa sindano, baada ya kutoa zile nyuzi mbili inazozidisha.

Yai nalo ni kipimo kizuri kwa madimbwi ya pembeni. Kiini kinaganda kwenye nyuzi 65 hadi 70, lakini ute wote haukazi mpaka joto likaribie 80. Ukiacha yai dakika 45 ukakuta kiini kimeshika na ute bado mlaini, umejua joto la maji liko kati ya hapo. Litie kwenye wavu mwishoni mwa mwanzi. Maji yenyewe usinywe wala kupikia uji: yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi.

Sasa ukame. Alfajiri hewa ina ubaridi, mvuke unapanda mweupe na unaona kila shimo. Saa saba mchana hewa kavu ya nyika inaumeza mvuke wote, na dimbwi la nyuzi 90 linatulia kama maji ya mtungi. Watu wanaogopa mvuke wa asubuhi na kutembea ovyo mchana. Mimi naenda saa kumi na mbili asubuhi, nasimama upande unakotoka upepo ili mvuke usinifiche ukingo, naondoka kabla ya saa nne.

Ardhi pia inadanganya. Gamba jeupe pembeni mwa chemchemi ni madini yaliyoganda, na chini yake pengine kuna tope linalochemka. Gonga kwa mwanzi kabla ya kila hatua. Panapolia kama debe tupu, rudi kwa nyayo zako. Gamboti usivae. Maji yakiingia yanabaki humo yakiendelea kukupika mguu.

Kitu ambacho sikubali mtu aende bila nacho ni dumu la lita 20 la maji safi, mbali na ya kunywa. Mtu akiungua anatakiwa kumiminiwa maji ya baridi dakika 20 mfululizo. Toboa kizibo kwa msumari mpaka dumu litoe lita moja kwa dakika, hesabu inatimia yenyewe. Jaribu nyumbani kwa saa na jagi, na uwe na kizibo kizima cha njiani. Ili maji yasipate moto, vika dumu gunia la katani lililoloweshwa, liweke kivulini penye upepo. Hewa kavu inanyonya unyevu na kupoza maji kuliko inavyowezekana kwetu kando ya ziwa.

Aliyeungua mvue pete na bangili mapema, kabla hajavimba, na nguo zilizolowa ikiwa hazijanata. Mawese, dawa ya meno, asali na majivu vibaki jikoni. Vinafungia joto ndani au kuchafua kidonda. Barafu pia hapana. Funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza, mpeleke hospitali kama sehemu iliyoungua inazidi kiganja chake, au ni uso, mikono au viungo. Mtoto mpeleke hata kama ni kidogo.