Kadi Iliyobisha Hodi kwa Wawili

Mwaka 2001, miezi michache baada ya kutoka kwa toleo la 2.4 la keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, nilikabidhiwa seva ya mafaili yenye prosesa mbili, ambayo tangu iwekewe keneli hiyo mpya ilikuwa imeanza kukwama mara mbili au tatu kwa siku. Haikuzimika. Kibodi yake iliitikia, diski zilisoma na kuandika, lakini kompyuta zote zilizochukua mafaili kwake kwa njia ya NFS, utaratibu wa kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, ziliganda kwa pamoja, zikitangaza kwamba seva haijibu na kwamba zinaendelea kujaribu. Baada ya muda mfupi mambo yalirudi kama kawaida, na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu kila nilipofika chumba cha seva nilimkuta mgonjwa amekwisha kupona.

Siku mbili za mwanzo nilizipoteza kwenye waya wa mtandao. Amri ya ping, inayouliza kama mashine nyingine inasikia, ilileta majibu safi na mafaili madogo yalipita bila shida. Yaliyokwama ni makubwa tu. NFS ya wakati ule kwa kawaida ilisafiri juu ya UDP, njia ya kutuma data isiyohakikisha kwamba imefika, na kipande cha kilobaiti 8 kililazimika kugawanywa katika fremu 6 za Ethernet, vifurushi vinavyopita kwenye waya, kwa kuwa fremu moja haibebi zaidi ya baiti 1,500. Ikipotea moja tu, zilizobaki nazo hutupwa na kipande kizima huombwa upya. Nilijiambia kwamba waya unaopoteza pakiti chache ungeonyesha dalili hizo hizo, na hoja yangu ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa haikuihusu seva ile. Nilibadilisha waya, nikahamia tundu jingine la swichi, nikahakikisha kwamba pande zote mbili zimekubaliana mwendo wa megabiti 100 na kupeleka na kupokea kwa wakati mmoja. Seva ikakwama jioni ile ile.

Mwenzangu mmoja aliyenizidi umri na uzoefu alisimama nyuma yangu, akauliza kwa upole ulioniuma: "Kijana, hizo logi umezisoma au umezitazama?" Nilikuwa nimezitazama tu, zile kumbukumbu ambamo keneli huandika yanayotokea. Mstari uliosema "NETDEV WATCHDOG: eth0: transmit timed out" nilikuwa nimeupita mara nyingi nikiuhesabu kuwa kilio cha waya, kumbe ulisema jambo jingine: keneli iliikabidhi kadi ya mtandao, ambayo ndiyo eth0, pakiti za kupeleka, ikangoja taarifa kwamba zimekwenda, taarifa haikuja, ikaamua kuiwasha kadi upya. Ndiyo maana mgonjwa alikuwa akipona mwenyewe.

Usiku huo nilikaa mbele ya skrini nikinakili faili kubwa kutoka kompyuta nne kwa mpigo, huku nikisoma /proc/interrupts kila baada ya sekunde moja. Faili hilo huonyesha kila kifaa kimebisha hodi kwa prosesa, yaani kuikatiza ili kihudumiwe, mara ngapi, na kila prosesa ina safu yake. Hesabu za eth0 zilikuwa zikipanda kwa maelfu katika safu zote mbili. Ghafla zikasimama. Mstari wa diski uliendelea kupanda, wa saa uliendelea kupanda, ila wa kadi ulibaki na tarakimu zile zile, sekunde baada ya sekunde, mpaka ule mstari wa logi ulipochomoza na hesabu zikaanza kwenda tena. Nakiri kwamba nilicheka peke yangu.

Niliiwasha seva upya kwa kuongeza maxcpus=1, ili prosesa ya pili isitumike. Ilinakili hadi asubuhi bila kukwama hata mara moja.

Kilichobaki kilikuwa kusoma msimbo wa draiva, programu inayoiendesha kadi, kazi niliyoianza kwa woga. Sehemu iliyopanga pakiti kwenye foleni ya kadi ilizuia hodi zisiingie kwenye prosesa ilimokuwa ikiendeshwa, kisha ikarekebisha hesabu za foleni. Kwenye mashine ya prosesa moja tahadhari hiyo inatosha, kwa kuwa hakuna mwingine wa kufungua mlango. Kwenye prosesa mbili, ya pili iliweza kuitikia hodi ya kadi wakati ule ule na kugusa hesabu zile zile kabla ya ya kwanza kumaliza, na baada ya hapo draiva na kadi hazikukubaliana tena foleni imefika wapi. Keneli ya 2.4 ilikuwa imeruhusu prosesa zote zishughulikie mtandao kwa pamoja, jambo ambalo matoleo ya nyuma yalilibana sana, hivyo ufa uliokuwa umefichika ukapanuka. Palihitajika kufuli moja, lenye kuruhusu prosesa moja tu kwa wakati mmoja iguse hesabu hizo.

Sikuthubutu kulitia mwenyewe kwenye seva iliyotegemewa na watu wengi. Niliweka kadi ya chipu nyingine, ambayo draiva yake ilikuwa na kufuli hilo, nikairudisha prosesa ya pili kazini, nikarudia kunakili kutoka kompyuta zile nne. Hesabu zilipanda usiku kucha. Kadi iliyotolewa niliitia kwenye kompyuta ya kawaida yenye prosesa moja, ikafanya kazi humo kwa miaka kwa draiva ile ile, bila kukwama hata siku moja.