Kwani logi ndizo zitakazoiwasha?

Wiki hii tumehamishiwa ghorofa ya chini, bosi ametangaza kwamba anaondoka, na mimi bado nachomwa na sentensi moja ya Jamaa wa Zamu.

Mnamjua. Klasta ya Kubernetes (kundi la kompyuta, yaani nodi, zinazoendesha programu kwa pamoja) ikigoma kidogo tu, yeye ni `kubeadm reset`, kisha `kubeadm init`: anafuta, anaanza upya. Nikamuuliza kuhusu kumbukumbu za mfumo, "Umeangalia logi?" Akajibu bila hata kugeuza shingo: "Kwani dada, logi ndizo zitakazoiwasha?"

Kwani dada!

Na hiyo reset yenyewe haifuti kila anachodhani inafuta. Mipangilio ya mtandao wa podi (vifurushi vya kontena zinazobeba programu) hubaki `/etc/cni/net.d`, sheria za iptables za kuchuja mtandao hubaki, na `/etc/containerd/config.toml`, faili ya mipangilio ya containerd inayoendesha kontena, haiguswi kabisa. Ugonjwa ulikuwa humo humo. Klasta inapanda vizuri, dakika chache baadaye bandari 6443, mlango wa API ya klasta, inakataa, inarudi, inakataa tena. Ukipiga `crictl ps -a`, orodha ya kontena, unaona etcd (hifadhidata ya klasta) na kube-apiserver (inayopokea maombi yote) zikifa na kufufuka, namba ya ATTEMPT, hesabu ya kuanzishwa upya, ikipanda. Hiyo si NotReady (nodi haijawa tayari) ya klasta changa. Ile, pamoja na CoreDNS, huduma ya majina, kukaa Pending (ikisubiri), huisha ukishaweka mtandao wa podi. Hapa kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila nodi, ilisimamia cgroup (mgao wa CPU na kumbukumbu) kwa systemd, kama kubeadm inavyopanga yenyewe tangu toleo la 1.22, huku containerd ikitumia njia nyingine, cgroupfs. Wasimamizi wawili wa ghala moja, kila mmoja na daftari lake. Angefuta na kusakinisha hadi kesho.

Nikaweka `SystemdCgroup = true` kwenye ile config.toml, wote watumie systemd, nikaanzisha upya containerd, halafu kubelet. ATTEMPT ikatulia. Nilitamani awe amesimama nyuma yangu aone.

Jioni ya leo kaja mwenyewe, sauti chini. "Dada, nodi ya tatu inakataa kujiunga. Inasema haioni sahihi ya tokeni." Kumbe kausoma ujumbe mpaka mwisho! Tokeni, nywila ya muda ya kujiunga na klasta, kwa kawaida huishi saa 24, na yake ilikuwa ya juzi. Nikampa `kubeadm token create --print-join-command`, nodi ikaingia, akashukuru, akaondoka. Nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumjibu; sasa sijui niyapeleke wapi.

Halafu Mama anasisitiza goti limepona. Mbona basi anashuka ngazi kinyumenyume?