Asubuhi niliyouona Mlima Kenya nikiwa Nairobi

Aprili 2020, kafyu ya korona ikiwa na wiki chache tu, nilipanda juu ya ghorofa letu kuanika nguo. Nikatazama kaskazini, nikaona Mlima Kenya! Niliacha beseni hapo hapo nikamkimbilia mama. Uko zaidi ya kilomita 130 kutoka hapa, na vilele vyake vilisimama wazi kabisa. Mama ameishi mtaa huu miaka 20, hakuwahi kuuona. Mtandaoni watu walibishana kwamba picha za mlima huo ni za kutengenezwa. Mimi niliuona kwa macho yangu.

Barabarani, matatu ya abiria 14 ilibeba 8, na jiji lilikuwa limefungwa, hakuna kuingia wala kutoka, tangu tarehe 6 mwezi huo. Moshi wa dizeli ulipungua, hata mwanangu mwenye pumu akalala usiku kucha bila kukohoa. Mvua za masika nazo zilisaidia kuosha hewa, lazima niseme ukweli. Na walioshinda ndani na jiko la makaa au la mafuta ya taa hawakupata nafuu hiyo.

Sitamani siku zile zirudi, watu walilala njaa. Ila nilikuwa na kawaida ya kupangusa kamba ya nguo kabla ya kuanika, na kitambaa hutoka cheusi kwa masizi. Mwezi ule kilitoka na vumbi kidogo tu.

Leo asubuhi nimeipangusa tena. Kitambaa cheusi tititi, na inhela ya mtoto ya pumu imerudi kwenye begi la shule.