Nilivyomfanya ngisi wa Feri awake gizani

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilinunua ngisi soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nikamwosha kwa maji ya bomba kama wa mchuzi, nikamweka kwenye bakuli. Siku mbili niliambulia harufu tu.

Mimi ni fundi maabara wa sekondari, na nilikuwa nawasaka Photobacterium, jenasi ya bakteria wa baharini, wengi wao wakiwaka gizani, ambayo mwanabiolojia wa Uholanzi, Beijerinck, aliipa jina mwaka 1889. Nilisahau sifa yao ya msingi kabisa: bila sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, hawakui. Maji yangu safi ndiyo yaliyowamaliza.

Safari ya pili nilibeba dumu la maji ya bahari, nikamkataza muuzaji asimwoshe ngisi. Akanitazama. "Dada, huyu unakwenda kumpikia nani?" Nikamlaza nusu ndani ya maji, nusu nje, penye ubaridi. Usiku wa pili nilizima taa, nikakaa dakika kumi macho yazoee. Vikaonekana: vidoa vya buluu yenye ukijani, vidogo kama punje za ulezi.

Niligusa kimoja kwa waya uliochomwa motoni, nikachora kwenye agari, jeli ya kukuzia bakteria, iliyopikwa kwa maji ya bahari. Nikahamisha waliowaka tu, mara tatu, mpaka sahani nzima ikawa na mwanga. Kwenye chupa ya supu ya kukuzia bakteria walififia nikiwaacha watulie; nikitikisa, wanawaka tena, maana kimeng'enya chao, lusiferesi, hakifanyi kazi bila oksijeni. Niliitikisa chupa ile kuliko ilivyohitajika, nakiri.

Kuwapa jina ndiko kulikonichosha. Kwa rangi ya Gram, inayogawa bakteria makundi mawili, walitoka waridi, vijiti vifupi vinene: Gram-hasi. Kwenye agari isiyo na chumvi, patupu. Hayo yanaelekeza kwenye familia ya Vibrionaceae, waliko Photobacterium, lakini humo wenye taa ni wengi: Vibrio harveyi anawaka, Aliivibrio fischeri naye anawaka. Tena ndani ya Photobacterium imo spishi damselae, anayewaletea samaki ugonjwa, na kwa kawaida hatoi mwanga hata chembe. Kwa hiyo mwanga peke yake hautoshi. Jenasi inathibitishwa kwa kusoma jeni, kazi ambayo maabara ya shule haina vifaa vyake.

Sahani nyingine nilizitokosa kwenye sufuria ya presha kabla ya kutupa. Moja nimeibakiza, na kibandiko chake kinasomeka: "Photobacterium?"