Goti Lililofungwa Bandeji

Jumapili ile, tarehe 13 Aprili 2008, niliamka kabla ya adhana ya alfajiri nikakaa kitandani na kisu cha kukatia mboga. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya hogo la plasta tangu katikati ya Machi. Nilikuwa na miaka 16, mkimbiaji wa mita 800. Jioni moja mazoezini niliutumbukiza mguu kwenye shimo lililofichwa na nyasi, nikausikia mfupa wa muundi ukikatika kama kuni kavu. Daktari alisema wiki nane. Mimi nilishahesabu siku zangu, nikaona mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, utanipita. Basi nikaanza kukwangua hogo kwa ncha ya kisu, pale chini ya goti, na unga mweupe ukawa unadondokea shuka.

Mjomba alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa amekuja kunichukua twende kuuona Mwenge wa Olimpiki, ambao katika Afrika nzima mwaka ule ulipita Dar es Salaam peke yake. Alilitazama shuka, akanitazama mimi. Sikuweza hata kumwamkia. Akakichukua kisu, akakirudisha jikoni.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Leo kuna mtu wa kwetu."

Mtu wa kwetu alikuwa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni, mzaliwa wa Mbulu kama mama yangu na mjomba mwenyewe. Alikuwa miongoni mwa watakaoubeba mwenge siku hiyo.

Tulisimama kando ya barabara, si mbali na stesheni ya TAZARA ambako mbio zilianzia. Sisi tumezoea Mwenge wa Uhuru, tunajua kungoja mwenge ni kazi ya nusu siku. Magongo yalinichuna kwapani. Mama mmoja muuza maji akanisogezea ndoo yake niikalie, akakataa katakata nisimnunulie hata chupa moja kwa shukrani. Hapo ndipo mjomba akaanza kunisimulia.

Oktoba 1968 yeye alikuwa mtoto wa kuchunga, na habari za Olimpiki ya Mexico City aliambiwa na wakubwa waliokuwa na redio. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Marathoni ilianza saa tisa alasiri. Akhwari alibanwa na misuli, kisha katika kusukumana akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda kwa saa 2 na dakika 20. Watu wakaanza kwenda zao, jua likazama. Baada ya zaidi ya saa nzima, Akhwari akaingia uwanjani, mguu umefungwa bandeji, mara anakimbia, mara anachechemea. Saa 3, dakika 25. Wanariadha 75 walianza, 57 wakamaliza, na wa 57 alikuwa yeye.

Hadithi hiyo nilikuwa naijua. Mtanzania gani haijui? Jibu lake alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma kule kuanza mbio bali kuzimaliza tulilisikia shuleni mpaka tukalikariri. Nikamwambia mjomba: si unaona, yeye hakungoja wiki nane.

Akaninyooshea kidole kwenye ukingo wa hogo, pale nilipokwangua.

"Ile bandeji alifungwa saa ngapi? Alisimama, mwanangu. Wenzake wanampita, yeye kasimama anafungwa goti. Angekataa kufungwa, angefika wapi?"

Nilinyamaza. Miaka yote nilikuwa nimemwona Akhwari akikimbia tu, wala sikuwahi kumfikiria ametulia, mguu uko mikononi mwa watu, dakika zinakwenda. Mjomba akaongeza kwamba miaka 2 baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni. Goti lilikuwa limepona. Hilo shuleni hatukuambiwa, na kwa mtoto mwenye hogo lilikuwa na uzito kuliko lile jibu.

Mwenge ulipofika watu walisukumana, nami nikashikilia bega la mjomba nisianguke. Niliona moto juu ya vichwa, mkono ulioushika, kisha migongo ya askari. Ni Akhwari au ni mwingine, mpaka leo sijui. Mjomba aliapa kwamba ni yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakujifuta.

Hogo lilikatwa katikati ya Mei, wiki nane kamili. Mguu uliotoka humo haukuwa wangu: mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Mchujo ulishapita. Kila jioni mjomba alikuja akaketi kwenye benchi mlangoni, saa mkononi, nami nikatembea hadi duka la kona na kurudi. Siku ya kwanza nilitumia dakika 19. Nilipofika nikaegemea ukuta, nikamwambia naweza kurudia.

"Keti kwanza," akasema, akanisogezea benchi.