Ganzi ilipoingia kwenye damu

Jamani, leo thieta jasho limetutoka. Kijana wa bodaboda, mkono umevunjika, tunamchoma ganzi ya bupivakeini shingoni ili mkono mzima ufe ganzi. Mara anasema, "Dokta, mdomoni nasikia ladha ya chuma, na masikio yanavuma." Hizo ni dalili kwamba ganzi imeingia kwenye damu; sindano ikasimama palepale. Kabla sijamaliza kuita wenzangu, degedege! Oksijeni, midazolamu ya kutuliza degedege, kisha yale mafuta meupe ya mshipani ya asilimia 20: mililita 1.5 kwa kila kilo, halafu dripu ikaendelea. Mafuta huivuta dawa ya ganzi kutoka kwenye moyo na ubongo. Mapigo yakatulia, tunamwangalia usiku kucha. Kuna hospitali chupa ya mafuta hayo imefungiwa stoo na mwenye funguo kashaondoka! Yetu iko kwenye toroli ya dharura, na ole wake atakayeihamisha.