Mabaka ya mashavuni

Ilikuwa kipupwe, Dodoma, upepo ukipasua midomo, mama mmoja alipomleta kliniki mwanawe wa kidato cha pili. Kijana alikuwa na mabaka mawili yaliyopauka mashavuni na jingine dogo kidevuni. "Daktari, dawa ya minyoo nimeshampa mara mbili, hayaondoki," alisema mama. Minyoo haihusiani na mabaka ya namna hii, ingawa mtaani utaambiwa vingine. Hofu yake yenyewe aliitoa baadaye, kwa sauti ya chini: mbalanga, au ukoma.

Tulimweka kijana dirishani, penye mwanga wa mchana. Rangi ilikuwa imefifia tu, haikutoweka. Ukingo wa baka haukuonekana ulipoishia, na kidole kilihisi ukavu wenye magamba membamba. Mbalanga huwa nyeupe kama chaki, ukingo wake dhahiri, haina magamba, na chini ya taa ya Wood, taa ya mwanga wa urujuanimno ya kukagulia ngozi, hung'aa. Haya hayakung'aa. Tulikwangua magamba, tukayatia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kemikali inayoyeyusha magamba ili fangasi waonekane, na kuyatazama kwenye hadubini: hapakuwa na fangasi.

Kwa ukoma, kugusa baka kwa pamba kupima ganzi hakutoshi. Uso una mishipa mingi ya fahamu, hivyo baka la ukoma usoni linaweza kubaki na hisia. Alivua shati tukamkagua mwili mzima, tukapapasa mishipa ya fahamu nyuma ya viwiko kuona kama imevimba. Haikuvimba. Ila mikunjo ya viwiko ilikuwa na ukurutu: pumu ya ngozi, tangu utotoni.

Jibu likawa hilo. Hii ni pitiriasi alba, mwasho mdogo wa ngozi kavu unaofanya seli za rangi zizembee. Jua likiunguza ngozi ya pembeni ikawa nyeusi zaidi, baka huonekana limezidi, kumbe halijakua.

Kilichotupa kazi zaidi kilikuwa kwenye mfuko wa mama: sabuni ya mche, dodoki, mafuta ya Whitfield, na tyubu ya krimu yenye betamethasoni, steroidi kali, iliyouzwa dukani bila cheti. Whitfield ina asidi ya salisili asilimia 3 na ya benzoiki asilimia 6. Hubambua ngozi, ni ya nyayo, si ya uso. Betamethasoni usoni hukondesha ngozi, huleta chunusi, na yenyewe inaweza kufifisha rangi, yaani baka juu ya baka. Vyote vinne tuliviweka kando kabla ya kuandika dawa yoyote.

Tulichoandika kilikuwa kifupi. Kunawa kwa maji ya kawaida, na sabuni laini isiyo na manukato mara moja tu, jioni. Mafuta ya mgando asubuhi na usiku, ngozi ikiwa bado na unyevu. Haidrokotisoni asilimia 1, steroidi hafifu, tabaka jembamba juu ya mabaka tu, mara mbili kwa siku kwa siku 7, kisha basi. Krimu inayofika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ni nusu gramu na hufunika eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mabaka yake hayakuhitaji hata robo yake. Kofia pana shuleni, na losheni ya jua ya SPF 30 kama mfuko unaruhusu.

Walirudi baada ya wiki mbili. Magamba yalikuwa yameisha, weupe uko palepale. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwa muuza krimu, hivyo tulirudia kumweleza mama: mwasho huisha kwa siku, rangi hurejea kwa miezi, pengine ikapita mwaka.

Safari hiyo kaka yake alikuwa amewasindikiza, shingo na mgongo vimejaa utango. Huo ni fangasi kweli. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, dawa ya fangasi, ajipake kuanzia shingoni hadi kiunoni, asubiri dakika 5, aoge. Siku 5 mfululizo. Akaomba vidonge vya ketokonazoli. Tukamnyima, kwa sababu vinaweza kudhuru ini.